Nilimheshimu Baba Mkwe Mpaka Akawa Kiziwi

Mhariri, ficha jina langu na kijiji changu. Wakwe zangu husomewa gazeti hili Jumapili baada ya ibada.

Nina miaka ishirini na minne, nimeolewa na mfugaji huku Karagwe, na ni nesi msaidizi katika hospitali ya misheni. Mwaka jana baba mkwe alilazwa wodini kwetu kwa kifua kikuu, akaanzishiwa sindano za streptomaisini. Kuchoma ilikuwa kazi ya Sista. Yangu ilikuwa kumwuliza kila asubuhi kama masikio yanavuma au kichwa kinazunguka, kumtembeza nione kama anayumba, kupima mkojo wake, na kuandika. Sista alinionya: "Dawa hii inaweza kuua masikio. Ukichelewa kuniambia, hayarudi."

Sasa ninyi mnaojua mila zetu, mkamwana anamtazamaje baba mkwe usoni? Anamwulizaje habari za mkojo? Nilimwomba Sista anihamishe wodi. Akacheka: "Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa." Rahisi kusema kwa aliyezaliwa ng'ambo! Basi nikawa napita kitandani macho chini, nasema, "Shikamoo, baba," naandika: hana shida. Asubuhi moja hakuitikia. Nikadhani amenikasirikia. Nikaandika: hana shida.

Kifua kimepona. Lakini hasikii chochote, na akisimama anayumba kama mlevi. Ng'ombe wake wanachungwa na wengine.

Ukoo ulikaa ukaamua kwamba mke wake mdogo amemroga. Mwanamke yule ndiye aliyekuwa akimletea maziwa hospitalini kila siku, kwa miguu! Wamemfukuza arudi kwao Murongo na watoto wamewazuia. Aliapa, akalia, akanitazama mimi nesi nimtetee. Nilinyamaza. Najichukia kwa hilo kuliko kwa yote.

Na mume wangu hachoki kunisifu kwa wageni: "Huyu ana adabu. Baba amelala wodini kwake miezi, hakumtazama hata mara moja." Wanawake wanapiga vigelegele. Natamani ardhi inimeze.

Nikisema, kazi imekwisha na ndoa imekwisha. Nisiposema, mama wa watu anaitwa mchawi mpaka kufa. Nishaurini, wasomaji, nianzie wapi? Wa kwanza kuombwa radhi ni mzee mwenyewe. Kusoma hajui, na kusikia nimemnyima mimi.