Felicitas Aliyemuuliza Mkwe Wake

Kashozi nzima ilijua kwamba Felicitas hatupi jani kabla hajalitazama. Enzi hizo mtoto mchanga akijisaidia alipanguswa kwa kipande laini cha jani la mgomba, na jani likatupwa shambani bila mtu kulifikiria tena. Felicitas alilifikiria. Alilikunjua, akalisogeza kwenye mwanga, akalinusa, kisha akatoa hukumu. Wanawake wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Watoto wao walipougua, haohao wakaja na majani yaliyokunjwa chini ya khanga, wakipitia njia ya nyuma wasionekane.

Naye hakuwa mtu wa kujishusha. Aliwapokea kama chifu anavyopokea wenye mashauri. Kazi hiyo aliianza kwa mama yake mzazi, kisha akaiongezea macho kwa masista wa misheni, waliomweka ujanani kufua nepi za watoto yatima. Katika miaka ile aliona vinyesi vingi kuliko dhambi alizosikia padre, na alikuwa akisema hivyo mbele za watu bila haya.

Mama aliyekuja analia kwa sababu mtoto wake anatoa kinyesi laini cha manjano aliambiwa hicho ni cha mtoto anayenyonya vizuri, arudi nyumbani akalale. Cha kijani cha mara moja moja hakikumtisha, ikiwa mtoto anacheza na kunyonya. Chenye makamasi na damu alikitazama mara moja tu, akamfukuza mama mbio kwenda zahanati. Na cheupe kama majivu, mtoto akiwa na macho ya manjano, hapo hakutania hata kidogo. Alimbeba mtoto mwenyewe akaongoza njia ya hospitali.

"Tumbo halina mdomo," alipenda kusema. "Linasema kwa njia yake, na anayeona kinyaa atalisikia akiwa amekwisha kuchelewa."

Alikuwa na sababu. Baba yake mzazi alikufa Felicitas angali msichana, na siku za mwisho ndipo watu walipokuja kujua kwamba mzee alikuwa akipata choo cheusi muda mrefu, akikifukia kwa majivu na kunyamaza, akidhani ni rubisi, pombe ya ndizi aliyokuwa akinywa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Felicitas hakumsamehe kabisa mzee wake kwa ukimya ule.

Binti yake Klaudia aliolewa Muleba na Mwijage, miaka ile kahawa ilipopanda bei na kila mwenye kibanja cha mibuni akanunua koti. Mwijage alikuwa na koti, kofia na baiskeli, na vyote alivitolea jasho, maana alizunguka vijijini kununua kahawa na kuipeleka Bukoba kwa lori. Felicitas alimpenda sana mkwe wake huyo, ila kwa mbali. Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hujitosa kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Kumtajia mkwe habari za tumbo lake ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi.

Siku moja Klaudia aliwaletea wazazi wake mjukuu wa kwanza wamwone. Mwijage akaja naye, pamoja na kaka yake Mushumbusi, kwa lori lao la kahawa, na vibuyu vya rubisi. Wanaume waliketi sebuleni juu ya nyasi mbichi zilizotandazwa, Ildefons, mume wa Felicitas, akiwa katikati yao na furaha tele. Felicitas alibaki ndani, nyuma ya kizuizi cha matete, kama ilivyompasa. Jani la kwanza la mjukuu alilisoma hapo hapo, akalisifu kama watu wengine wanavyosifu sura ya mtoto.

Wakimenya ndizi, Klaudia akaanza kumsimulia mama yake ya kwake. Mume wake siku hizi anahema akipanda kilima kidogo tu. Akisimama ghafla, anashika ukuta. Mgongo unamsumbua, anameza vidonge vya dukani kama karanga, na chooni haachi kumwaga majivu, jambo ambalo zamani hakulijali. Felicitas akaweka kisu chini. Akachungulia kwenye matete wakati Mwijage anainua kibuyu, akaona kiganja chake kimepauka, cheupe kama ndizi iliyomenywa.

Akamtuma Klaudia akaulize. Klaudia akarudi na jibu kwamba mume wake hana neno. Akamwita Ildefons nyuma ya nyumba, akamwomba aulize yeye, mwanaume kwa mwanaume. Ildefons akasema hajapata kusikia baba mkwe akimhoji mkwe habari za chooni, na hataanza yeye, tena siku ya mjukuu. Akarudi kwa wageni. Muda si muda wageni wakaanza kukusanya vitu vyao, na Mushumbusi akatoka kwenda kuwasha lori. Safari ya Muleba ni ndefu. Felicitas alisimama pale ndani akimtazama binti yake aliyembeba mtoto mgongoni, na mawazoni akamwona marehemu baba yake mwenyewe akifukia choo kwa majivu.

Akasogeza kizuizi cha matete, akatoka. Akasimama katikati ya sebule, akamtazama Mwijage usoni.

"Mkwe wangu, choo unachopata kina rangi gani?"

Ildefons alifunika uso kwa mikono miwili. Majirani waliokuja kunywa rubisi wakazitazama nyasi. Mwijage mwenyewe alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Cheusi, mae," akasema mwishowe kwa sauti ya chini, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Ni kahawa. Natafuna sana kahawa."

"Kahawa nimeitafuna tangu sijaota meno yote, haijanipaka masizi. Unakunywa dawa ya kuongeza damu? Hiyo huleta weusi."

"Hapana."

"Kinanata? Kinang'aa kama lami, na harufu yake imebadilika?"

Mwijage akatikisa kichwa kukubali.

"Hiyo ni damu," Felicitas akamwambia. "Inavuja huko juu tumboni, na ikishuka hugeuka nyeusi. Baba yangu alikwenda hivyo hivyo mimi nikiwa namtazama. Wewe huendi."

Lori halikwenda Muleba siku ile. Lilishuka moja kwa moja hospitali ya mjini Bukoba, Felicitas akiwa amekaa nyuma juu ya magunia, kwa sababu kukaa na mkwe kiti kimoja bado ilikuwa mwiko. Daktari alikuta kidonda tumboni kinachotoa damu polepole. Vidonge vile vya mgongo, vilivyomezwa bila chakula na kuteremshwa kwa rubisi, vilikuwa vimekichimba. Mushumbusi alitoa damu yake, Mwijage akalazwa, akanyweshwa maziwa na uji mpaka akavichukia. Daktari alimwambia Klaudia kwamba wangesubiri kidogo tu, angekuwa mjane. Klaudia alilia njia nzima ya kurudi Kashozi, na hakuna aliyemnyamazisha.

Nyumbani aibu ilibaki inangoja. Ildefons alinuna, akawa anasalimia kuku kabla ya mke wake. Wazee walikaa, wakasema mama mkwe aliyevunja mwiko alete kuku wa kufuta aibu. Felicitas akachagua jogoo mkubwa kuliko wote, akampeleka mwenyewe kwapani, mchana kweupe, akapitia katikati ya soko. Walipomtania njiani kwa jina jipya, Aliyemuuliza Mkwe Wake, aliitika kila aliyeita. Alilipenda jina hilo. Aliona linamfaa kuliko hata lile la ubatizo.

Kahawa ilipoiva tena, Felicitas alikuwa akipalilia maharage chini ya migomba yake. Akasikia nyayo kwenye majani makavu, nzito na za mtu mwenye nguvu, zikaja zikasimama nyuma ya mgomba mnene. Hakugeuka, maana mila ni mila. Kisha mwenye nyayo akakohoa.

"Mae," ikasema sauti ya Mwijage. "Cha leo ni cha kahawia."

Felicitas aliegemea jembe. Machozi yalimjaa, akayaacha yatiririke, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mbele yake.

"Na cha jana?" akauliza.