Namba Juu ya Jina

Zamani, kabla ya huyu mkuu wa idara tuliye naye, kila karatasi ya mtihani wa hisabati hapa chuoni ilipita mikononi mwangu kabla ya kusahihishwa. Nilikata vipande vya karatasi, nikavipaka gundi niliyopika mwenyewe kwa unga, nikabandika namba juu ya jina la mwanafunzi. Msahihishaji aliona 217, basi. Hakujua ni binti wa nani wala mwana wa nani. Akaja mkuu huyu, akasema tunapoteza muda, mwalimu awajue watu wake. Gundi ikakauka koponi. Wakanibakizia ghala la karatasi za zamani na daftari lake.

Shule niliishia darasa la saba. Aljebra niliijulia kwenye mbao nilizokuwa nikifuta, nikisoma kwanza ndipo nifute. Siku hizi wanaandika ukutani kwa mwanga. Ukizima, hakuna cha kufuta wala cha kujifunza.

Nataka kusimulia habari za mwanamke mmoja aliyefundisha hapa. Wanafunzi walimwita Kipeo. Alikuwa mwanafunzi wetu enzi za namba, akaongoza darasa zima, na siku nilipobandua vile vipande walimu walitazamana kana kwamba nimebandika vibaya. Alirudi kufundisha somo la jinsia na hisabati, kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Mkataba ukiisha, sahihi ya kuuongeza ni ya mkuu wa idara.

Siku moja nilikuwa narekebisha dirisha la darasa lake. Aliwagawia wanafunzi sitini uthibitisho mmoja wa kanuni ya hisabati, wausahihishe kwa alama kumi. Kumbe nusu ya nakala zilikuwa na jina la kiume, nusu la kike. Kazi ile ile, hata nukta haikupungua. Mahali fulani hatua moja ilikuwa imerukwa. Penye jina la kiume waliandika, "Ameiruka kwa kuwa iko wazi," wakatoa nane. Penye jina la kike waliandika, "Hajaelewa," wakatoa tano. Na wasichana nao walisahihisha vivyo hivyo.

"Mwalimu, umetutegea mtego wa panya!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Nao huingia nani?"

"Waliomo na wasiokuwamo," darasa likajibu kwa kicheko. Kipeo hakucheka.

Kesho yake akaja ghalani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Nimeijia. Nataka karatasi za miaka kumi. Mitano ya namba, mitano ya majina."

"Hizo ni za siri. Hazitoki bila sahihi ya mkuu."

"Hazitatoka. Nitazisomea hapa mezani kwako."

Nilimvutia kiti. Kisha nikafungua daftari nikaandika tarehe, jina lake, mafungu aliyochukua.

"Lazima uandike, baba?"

"Ghala lisilo na daftari ni jalala."

Akatia sahihi. Nilijisikia mtu wa maana siku hiyo.

Alisoma wiki tatu. Mwishoni alinigeuzia karatasi yake ya hesabu, nami nikazijumlisha upya, maana simwamini mtu kwa kujumlisha. Miaka ya namba, wasichana na wavulana walikwenda bega kwa bega. Miaka ya majina, wasichana walishuka alama sita katika mia, na karibu zote zilipotea kwenye maswali ya uthibitisho, pale msahihishaji anapoamua mwenyewe. Wino mwekundu uliozikata, mara nyingi, ulikuwa na mkia mrefu kwenye namba tano. Mkia ule tuliufahamu sote wawili: ndio ule ule wa tarehe kwenye mikataba yake. Hatukuutaja.

"Nitaipeleka kwenye kikao cha wahadhiri," alisema.

"Subiri kwanza mkataba, mwanangu."

"Nimesubiri tangu nilipokuwa namba, baba."

Wiki ile ile mkuu wa idara alinisimamisha ukumbini. "Mzee, nasikia siku hizi una mgeni." Alitabasamu, akaenda zake. Jumatatu iliyofuata kibao cha jina la Kipeo kilikuwa kimeng'olewa mlangoni, yamebaki matundu mawili ya misumari. Jumatano darasa lake lilihamishiwa chumba cha nyuma, kando ya jenereta, asisikike. Alhamisi nikapata barua: nifike kwenye kamati Ijumaa saa nne, na daftari la ghala.

Nilikaa nalo magotini. Ningeweza kuchana ukurasa. Lakini kurasa zote nilizipiga namba mwenyewe, moja hadi mia tatu, ili mtu asije akachana. Kipeo alinikuta hapo.

"Usiuguse," alisema. "Ukiuchana watasema nimekutuma. Soma ulivyoandika. Karatasi zenyewe zipo, zitanisemea."

Ijumaa asubuhi nilikuta kufuli jipya mlangoni mwa ghala. Ufunguo wangu haukuingia. Nikapanda ngazi hadi kwenye kamati, nikamkuta Kipeo ameshaketi.

"Nani alisoma karatasi za siri bila idhini?" mkuu aliuliza. Nikasoma jina la Kipeo, tarehe kwa tarehe, siku kumi na tano, kwa mwandiko wangu mzuri ninaojivunia. Hakuna shahidi aliyewahi kusema wazi kuliko mimi.

"Asome na safu ya mwisho," Kipeo alisema.

"Zimerudishwa," nikasoma. "Zote."

"Basi ziletwe hapa, wanakamati wajisomee."

Mkuu wa idara alipanga kalamu zake mezani. "Karatasi za zamani huteketezwa kwa utaratibu," alisema. "Zamu yake ilikuwa leo."

Wote tulitazama dirishani. Nyuma ya karakana moshi ulikuwa unapanda taratibu, na vipande vyeusi vikielea juu ya paa. Kipeo alivitazama mpaka kimoja kikatua kwenye kioo. Kisha wakampa barua yake ya kukatishwa mkataba. Ilikuwa imeshachapwa, na tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi.

Nilifunga daftari, nikalikumbatia, nikageuka niondoke.

"Hilo liache hapa, mzee," mkuu alisema.

Nikaliweka mezani. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, nilishuka zile ngazi mikono mitupu.