Taa ya Zambarau Huko Makole

Kwa miaka ishirini na sita Cecilia alikagua mahindi kwenye maghala ya Kongwa, na kazi hiyo ilimzoesha kutoamini gunia lolote kabla hajalichoma chuma na kuona kilichomo. Alipostaafu alihamia Makole, mjini Dodoma. Upepo ulipomharibia miche uani mara mbili, akageuza chumba kisicho na dirisha kuwa kitalu cha pilipili hoho.

Athuman, muuza vifaa vya umeme, alimpa taa za LED za zambarau. "Mmea unatumia mwanga mwekundu na wa bluu tu, mama. Rangi nyingine ni kupoteza umeme."

"Mmea ulikuambia wenyewe?"

Alizichukua, lakini akachukua na moja nyeupe, akaifunga stoo juu ya trei moja. Baada ya wiki tatu miche yote ilikuwa imenenepa shina. Hata hivyo hakutulia. Chini ya zambarau majani yalionekana meusi, na hakupenda mwanga unaoficha rangi ya kitu.

Asubuhi moja Stanley, mwenyekiti wa mtaa, alibisha hodi. Nyuma yake alisimama Munira, jirani wa ukuta mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Kuna maneno kwamba kwa taa zako za zambarau unapandwa humu mmea usioruhusiwa."

Cecilia alimtazama Munira, naye akatazama chini. Cecilia alihisi hasira, tena akajiuliza huyu mwenyekiti anataka nini hasa. Aliwafungulia mlango. Stanley aliinama juu ya trei, akasema haoni kitu ila weusi.

"Basi njoo uone juani."

Akabeba trei hadi uani. Stanley akageuza jani moja. "Hii ni hoho kweli. Lakini mama, hawa wadudu?"

Chini ya majani walikuwa wamejazana vidukari, na majani yenyewe yalikuwa na mabaka ya njano. Trei ile ya stoo, alikoweza kuona kila kitu chini ya taa nyeupe, ilikuwa safi. Siku hiyohiyo aliosha miche kwa maji ya sabuni, akabadilisha taa zote kuwa nyeupe. Nusu ya miche ilipona.

Jioni alimwita Munira ukutani. "Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ningekuuliza, ungenifungulia?"

Cecilia alifikiri kidogo. "Nisingekufungulia," akasema.