Duara la Mninga

Mwanangu, nakumbuka siku moja, katika miaka ya vijiji vya ujamaa, nilipokwenda kumjulia hali shangazi yangu karibu na Goweko, nikamkuta ameacha sindano za zahanati. Kidonda cha mguu wake kilikuwa kimeanza kunuka, naye akikiosha kwa maji ya magome ya mninga. Nilipouliza sababu, akanijibu kwa utulivu kwamba maabara ya Tabora imekwisha kuthibitisha. Ndimo nilimokuwa nikifanya kazi, na sikuwa na habari ya uthibitisho wowote. Nani kasema? Jirani. Naye kamsikia nani? Karani wa ghala la tumbaku. Watu husema lisemwalo lipo. Methali hiyo siiamini hadi leo.

Mwisho wa mnyororo wa uvumi huo nilimkuta mwenzangu wa maabara, Kondo, Mzaramo, na kwa hiyo mtani wangu mimi Mnyamwezi tangu babu zetu walipokutana katika njia ya misafara. Alikuwa ameloweka magome katika spiriti, akachovya kipande cha karatasi, akakiweka katika sahani iliyooteshwa bakteria wa kidonda. Kuzunguka karatasi palibaki duara safi, ambamo bakteria hawakuota. Lilikuwa zuri mno, na kizuri mno hunitia shaka. Nikamtaka aweke karatasi nyingine yenye spiriti tupu, bila mti.

Kondo akacheka. "Ninyi Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu hadi pwani pasipo kuuliza zinakwenda wapi. Leo kikaratasi kinakunyima usingizi?"

"Ndiyo maana leo nauliza, mtani."

Kesho yake spiriti tupu ilikuwa na duara lilelile. Tukarudia, safari hii tukiacha spiriti ikauke kabisa: duara la spiriti tupu likatoweka, la mninga likabaki, lakini jembamba kama uzi. Mti haukuwa mwongo. Mwongo ni aliyeusemea kabla haujamaliza kusema.

Kondo hakucheka tena. Alipanda nami treni hadi Goweko, akamweleza shangazi kwa kinywa chake mwenyewe. Shangazi akamsikiliza hadi mwisho, akajifunga kanga. "Haya, Mzaramo, inama. Leo mpagazi ni wewe."

Kondo akambeba mgongoni mpaka zahanati. Mguu ulipona, ingawa shangazi alichechemea maisha yake yote.

Basi, mwanangu, usiidharau dawa ya bibi yako, wala usiimeze kwa kuwa maabara imetajwa. Uliza aliyeona ni nani, na kama bila dawa ile jambo lisingetokea vilevile. Na jibu unalolipenda, hilo ndilo ulishuku kwanza. Mungu akujalie macho makali, na ulimi unaoyasubiri macho.