Soksi Nyeupe za Mama Mkwe

Nilitoka Uvira, nikavuka mpaka kuja kuolewa Buyenzi, nikiwa na masanduku mawili na paka dume wa rangi ya majivu. Masanduku yalikaribishwa. Paka alivumiliwa tu, hadi siku mama mkwe aliponyanyuka kwenye mswala akijikuna vifundo vya miguu. Viroboto. Akatangaza kwamba mwezi wa Ramadhani ukiandama na kiroboto hata mmoja yumo ndani, paka atapelekwa Kajaga akaishi na wavuvi. Zilibaki wiki nne. Mume wangu akajifanya anasoma simu. Mimi sikuwa na wa kunitetea, na mama mkwe hata jina langu hakuwa akilitaja. Kwake nilikuwa "yule wa paka".

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na mdudu. Kesho yake nilikwenda Mutakura, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alizungumza Kirundi, na Kirundi changu wakati huo kilitosha kuombea chumvi tu. Neno la kiroboto likanipotea. Nikaona chawa na kiroboto ni ndugu, nikamwambia paka wangu ana *inda*. Kumbe *inda* ya chawa ina sauti yake, na niliyoitoa mimi ilikuwa ile ya mimba. Muuzaji akanipa hongera, akauliza atazaa lini. Nikamjibu kwamba ni dume.

Walicheka duka zima, nami nikacheka, ningefanyaje? Alipokwisha kufuta machozi, yule bwana alikataa kuniuzia poda ya ng'ombe niliyokuwa nimeinyooshea kidole. Paka hujilamba, akasema, ingemuua. Akanielekeza polepole, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa mikono: sabuni kidogo ya vyombo na maji ya uvuguvugu, nianzie shingoni ili viroboto wasikimbilie usoni, kisha chanuo la chawa. Na nisihangaike na paka peke yake, kwa sababu mayai yamejaa nyumbani.

Basi nilimwosha, akanichana mikono yote miwili. Kila asubuhi nilimpitisha chanuo na kulichovya kwenye bakuli la povu, nikiwatazama wakizama, na sikuwaonea huruma. Mikeka niliifua kwa maji ya moto, magodoro nikayatoa juani, nikafagia hadi nyuma ya kabati ambalo nadhani halijasogezwa tangu harusi ya mama mkwe mwenyewe.

Siku ya kuangalia mwezi, baada ya alasiri, mama mkwe alivaa soksi nyeupe za mwanawe, zilizomfika magotini. Kwenye nyeupe, kiroboto hana pa kujificha. Akazunguka sebule, akasimama kila pembe, akaketi na kuninyooshea miguu niikague. Hakuna. Akazunguka tena, kwa ukaidi. Hakuna. Akazivua soksi, akaenda kutawadha, na paka akabaki.

Wiki ya pili ya mfungo, jirani alikuja kulalamika kwamba paka wao wenyewe amewajaza viroboto, akauliza sisi tulitumia dawa gani. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mi sijue hiyo dawa," alisema. "Uliza mutoto yangu, iko mu jikoni."

Nilisikia kila neno. Nilisimama na mwiko mkononi, kichwa kimevimba kwa fahari, na sambusa zikaungua.