Siku Kumi na Mbili Nilikunywa Maziwa ya Imelda

“Siku zote hizi uko unakunywa maziwa yake, na haukumuulize sababu?”

Mwanangu, niliulizwa swali hilo nikiwa na miaka kumi na saba, nimesimama kwenye foleni ya maziwa na vikombe viwili vya bati mkononi. Asubuhi ile naikumbuka mpaka baridi yake, na ukungu wa Masisi uliokuwa bado umelala juu ya malisho.

Nami ndiye niliyekuwa nauliza kila kitu. Nyumbani Ngungu nilimchosha baba kwa kumuuliza kwa nini maharagwe yote huzunguka kijiti kwa upande uleule. Katekista nilimuuliza ni nani aliyembatiza mbatizaji wa kwanza, akanituma kuchota maji. Kuuliza si ujinga, wazee walisema, na mimi nilijiona mwenye akili kuliko wote.

Tulikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya walimu wasichana, miaka michache kabla ya uhuru. Tulikuwa wachache, wa kwanza kutoka vilima vyetu. Imelda alikuwa jirani yangu wa dawati na wa kitanda, binti wa wafugaji wa huko juu, hodari wa hesabu kutushinda sote. Kila Jumapili watu wa kilima chao walimtaja kwa jina kanisani, Mungu amsaidie kupata diploma. Mwanzoni alinisimulia hayo akicheka. Baadaye aliacha kucheka, na mimi sikuona tofauti.

Kwetu tulikuwa watu wa maharagwe na muhogo. Maziwa yalikuwa kitu cha mgonjwa na cha mgeni. Kwa hiyo Imelda aliponisukumia kikombe chake asubuhi ya kwanza, nilidhani ni upendo. Siku ya pili nilidhani amefunga kwa ajili ya mtihani. Siku ya tano sikudhani kitu, nilinyoosha mkono tu. Mwishowe hakuja tena kwenye foleni, nikawa nachukua vikombe vyote viwili mwenyewe. Nilikuwa nimemwona akiamka kabla ya kengele na kukaa na kitabu kilichofunguliwa ukurasa uleule tangu juzi. Nilikuwa nimesikia wimbo wake wa kufua ukikoma. Niliyaona yote hayo, nikanywa maziwa.

Aliyeniuliza swali lile alikuwa Mama Kagoyire, mjane aliyetuletea maziwa kila asubuhi kutoka malishoni, kibuyu kichwani na miguu mitupu. Ulimi wake ulikuwa mkali. Sisi wa Ngungu alikuwa akituita watoto ya maharagwe, eti tunashika kikombe kama mutu anashika jembe. Siku ile hakutania. Aliuliza kikombe cha pili ni cha nani, nikamjibu kwamba Imelda amenipa. Tangu lini? Nikahesabu: siku kumi na mbili. Hapo ndipo akaniuliza lile swali, kisha akasema polepole:

“Kwetu, mutu akikataa maziwa, hatuseme iko na roho muzuri. Tunaikala naye chini, tunamuuliza.”

Akatua kibuyu chake, akaingia bwenini, mahali ambapo mgeni hakuruhusiwa. Nikamfuata. (Wenzangu walibaki na kibuyu kisicho na mlinzi, wakakimaliza chote, na mpaka alipokufa mama yule hakuwadai kitu.)

Imelda alikuwa amelala ameelekea ukuta. Mama Kagoyire alikaa chini sakafuni, kichwa chake kikawa chini ya kile cha Imelda. Nilingoja amwambie ajikaze, ao asali zaidi, ao kwamba wako wenye shida kumpita. Hakusema hata moja. Alimuuliza kama anavyoulizwa mtu wa malaria: unalala? unakula? inakushika wapi?

Imelda alivuta blanketi mpaka mabegani. Kisha akasema, bado ameelekea ukuta, “Mama, nikifungua kitabu, moyo inapiga sawa vile ninapanda mulima. Na niko nimeikala tu.”

“Kuna siku unasikia bora ukufe?”

Nilidhani neno hilo likitajwa litaita kifo mlangoni. Imelda akageuka, akamtazama, akasema, “Kuna siku.”

Mwanangu, nimezeeka na bado sijui nikueleze vipi. Uso uliokuwa umefungwa siku kumi na mbili ulifunguka mbele yangu. Alilia kama mtoto, na yule mama hakushtuka wala hakumkataza. Alimshika mkono, akamwambia kwamba yeye mwenyewe, baada ya kuzaa mtoto wa kwanza, alikataa maziwa majira mazima ya mvua, na kwamba ugonjwa huo unakuja na unatoka kama mengine, lakini hautoki ukiachwa peke yako nao. Hakumwachilia mkono mpaka masere mkuu, mtawa aliyeongoza shule yetu, alipokuja. Nilisimama pale nikiwa na vitabu vyangu vyote kichwani, na kwa mara ya kwanza nilijisikia mdogo mbele ya moyo wa mtu.

Hakupona siku ile. Alipelekwa kwa muuguzi, akapumzishwa, akalala kitanda kilicho karibu na masere, mtihani akaufanya baadaye. Mama Kagoyire naye alipanda mpaka kilima chao, akawaambia waumini waendelee kusali, ila waombee wanafunzi wote na waache kutaja jina la mtu mmoja. Wengine walikasirika. Wakatii.

Na baada ya hapo masere mkuu akafanya jambo la ajabu. Katika somo la usafi tulikuwa tumefundishwa kuchemsha maji na kutoa funza, lakini kuhusu moyo hatukufundishwa kitu. Akamwita Mama Kagoyire, mwuza maziwa, asimame mbele ya ubao kila Alhamisi atufundishe. Tulicheka siku ya kwanza. Mimi, kwa ubishi wangu, nilimuuliza: kumuuliza mutu kunaponya nini, ikiwa haiko dawa?

“Haiponye,” akajibu. “Inafungua mulango. Dawa itaingilia wapi?”

Akatugawa wawili wawili, kila mmoja ajue mwenzake analalaje na anakulaje, si siku ya msiba tu, bali kila siku. Miaka mingi baadaye, nikiwa mama wa watoto wawili, niliingia chuo kikuu nikasoma vitabu vinene juu ya nafsi. Nilivitilia shaka kama kawaida yangu, lakini kurasa zilizonishinda kubishia zilikuwa zile nilizokwisha kusikia siku za Alhamisi.

Basi nisikilize, wewe uliye chuoni leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo jifunze dalili hizi ungali mzima. Ukiona usingizi umekukimbia wiki mbili, chakula kimekuwa udongo, kitu ulichokipenda hakikuiti tena, ao moyo unakwenda mbio nawe umekaa, usiseme ni uvivu, wala usikimbilie kusema umerogwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua: mwambie mtu, na uende kwa muuguzi ao daktari kama unavyoenda kwa homa. Na mwenzako akianza kukupa vilivyo vyake, kaa naye chini umuulize, hata lile neno linalotisha. Usimwache peke yake hapo. Mtihani utarudi mwaka ujao; yeye harudi.

Mungu akupe usingizi wa mtoto, mwanangu, na akujalie mtu wa kukuuliza umelalaje, anayengoja jibu.

Alhamisi zile masere mkuu alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, daftari magotini, nasi tulidhani anatusimamia. Imelda, aliyemtunza masere huyo katika uzee wake, aliniambia siku moja tulipokutana mjini Sake kwamba mwaka ule masere naye alikuwa halali usiku, na katika lile daftari alikuwa akiandika majibu yake mwenyewe kwa maswali ya Mama Kagoyire.