Fundi Wastani na Nusu ya Bango

Mtaa mzima ulimwita Fundi Wastani, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango ya maduka. Mkono wake haukutetemeka hata juu ya ngazi mbovu, lakini maneno ya kujisifu hakuyachora ng'o. Mwenye duka akija na "bora kuliko wote", fundi alikuna kichwa akamuuliza hao wote amewaonea wapi. Ndiyo maana bango la kinyozi lilisema KINYOZI. ANANYOA. Miaka ilipopita, fundi alirudi na ngazi yake akaongeza chini: HAJAMKATA MTU. Kinyozi alitembea kifua mbele wiki nzima. Bango la fundi saa lilisema ANATENGENEZA SAA. NYINGI ZINAPONA, na watu walimwamini kuliko daktari.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Aliandika alichokiona kwa macho yake, na nafasi iliyobaki aliiacha wazi mpaka aone kingine. Wapo waliosema ni ukaidi. Kwangu mimi ulikuwa uungwana, tena wa aina ambayo siku hizi unautafuta kwa tochi.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Chakula kitamu kwake "kinalika". Siku ya harusi alimtazama bibi harusi wake juu mpaka chini akasema amependeza kiasi, na mama wa watu alilisimulia hilo kwa kicheko mpaka uzeeni. Alipofariki, ndugu walitaka kaburi liandikwe maneno ya kuliza: mama wa dhahabu, nuru ya nyumba. Fundi alichora jina, na chini ya jina neno moja tu, ALIKUWEPO. Mashemeji walinuna. Binti yake kitinda mimba, aliyemuuguza mama yake hadi pumzi ya mwisho, alinuna kuliko wote. Moyoni alisema baba ni bahili wa maneno hata kwa maiti, na kinyongo hicho alikaa nacho.

Ilifika siku binti huyo akaacha kazi kiwandani na kufungua mgahawa mdogo wa chai mbele ya geti la kiwanda hicho hicho. Akiba yake yote iliingia kwenye masufuria, vikombe na viti. Biashara ikigoma hakuwa na pa kurudi, maana nafasi yake kiwandani ilishapata mtu. Na ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo lenye taa za rangi na bango refu kama behewa: KASRI LA CHAI, TAMU KULIKO ZOTE. Akamwomba baba yake amchoree bango la kulimeza lile.

Fundi alichora kutwa nzima. Herufi zilitoka safi, nyeupe juu ya bluu, hadi wapita njia wakasimama. Nusu ya juu ilisema CHAI IPO. Nusu ya chini ilikuwa tupu.

"Baba, hata mimi?" binti alisema. "Mtoto wako wa kumzaa?"

"Nimekuachia nafasi, mwanangu," fundi alijibu, akafunga kopo lake la rangi.

Siku za mwanzo wateja walikuwa wa kuokoteza. Kengele ya kiwanda ikilia, watu walitoka getini wakavuka barabara moja kwa moja hadi Kasri. Uvumilivu ukamwishia binti, akachukua brashi na kuijaza ile nafasi mwenyewe: TAMU AJABU, herufi zikichuruzika kama kamasi za mtoto. Asubuhi iliyofuata dereva wa lori alipiga funda moja, akasubiri ajabu. Akapiga la pili, akasubiri tena. Mwishowe alisema kwa upole kwamba ni chai nzuri tu, dada, mbona unamtia mtu wasiwasi. Walicheka pamoja, lakini alipoondoka, binti alipanda juu ya kiti akayafuta maneno yake kwa mafuta ya taa. Baba yake alikuwa ameyaona, akayapita tu. Alikuja kila alfajiri kama kawaida, akanywa kikombe chake pembeni, akasema inanyweka.

Kisha ikaja mvua, ile ya kufunga shule. Mwenye Kasri alijifunika shuka akalala zake. Zamu ya usiku ilitoka kiwandani ikakuta taa za rangi zimezimwa, na upande huu moshi unafuka. Binti alikuwa amevuka maji ya magotini kuja kuwasha jiko, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kutoka zamu ile akitetemeka, asione pa kushika kikombe cha moto. Mvua haikukata upesi, na kila zamu iliyotoka ilimkuta. Jua liliporudi, taa za Kasri zikawaka tena, lakini wengi hawakuvuka.

Asubuhi moja binti alikuta ngazi imeegemezwa ukutani na baba yake yuko juu, anamalizia herufi ya mwisho. Fundi alishuka taratibu akampisha asome. Chini ya CHAI IPO palikuwa pameandikwa: NA MWENYEWE YUPO.

Mtu mwingine angeyaona maneno makavu. Binti alisimama palepale, akiliona akilini kaburi la mama yake.

"Ni neno lile lile la mama," alisema.

"Sina kubwa kuliko hilo." Fundi alikuwa anafuta brashi iliyokwisha kuwa safi. "Mwaka ule nilioanguka kutoka kwenye paa, watu walikuja na sifa zao wakaondoka. Mimi kila nikifumbua macho, yeye alikuwepo."

Binti alimvutia kiti, akamjazia kikombe kile kikubwa ambacho mteja hapewi, akasimama karibu yake na kumuuliza chai ya leo ikoje.

Fundi alipiga funda, akafikiri.

"Inanyweka," alisema, na binti akageukia jiko ili asionekane analia.